Dharura ya Tarehe Kumi na Nne

Katika nchi ya Tulivuni, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa ramani zake bado zinangoja kupitishwa na kamati, kuna mji uitwao Kidimbwi. Wapo wanaosema Kidimbwi haijaendelea. Hao ni watu wenye husuda. Kidimbwi ina Baraza la Madiwani, ina ukumbi mpya juu ya kilima, na ina Kitabu cha Kanuni za Kudumu za Kuendesha Vikao, chenye kanuni mia nne na kumi na mbili. Kitabu hicho huingizwa ukumbini na watu wawili: mmoja hubeba kanuni, mwingine hubeba marekebisho.

Ukumbi mpya ulijengwa kwa sababu nzito. Kanuni ya tisa inataka kichwa cha Mstahiki Meya kiwe juu ya kichwa cha diwani yeyote wakati wote, Meya akiwa ameketi na diwani akiwa amesimama. Sasa, Mstahiki Meya Pantaleo Sembuyagi, pamoja na sifa zake zote, Mungu hakumjalia urefu. Katika ukumbi wa zamani, kiti chake kilipoinuliwa kwa kiasi kilichotakiwa, kichwa kilifika kwenye feni. Baraza lilitafakari kwa miezi minne kama iondolewe feni au uondolewe ukumbi. Ukumbi ukabomolewa. Ukajengwa mwingine wenye dari ya kanisa, kikatengenezwa kiti cha Meya chenye ngazi saba, na kifusi cha ukumbi wa kwanza kikapakiwa kwenye malori na kumwagwa bondeni, katika kata ya Mferejini, ndani ya mtaro mkuu unaopitisha maji ya mvua ya mji mzima. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilikuwa kiangazi, mtaro ulikuwa mtupu, na viongozi wetu hawawezi kuona kitu kitupu wakakiacha hivyo.

Kando ya mtaro huo kuna zahanati, na ndani ya zahanati kuna wodi ya wazazi, na ndani ya wodi hiyo Bi. Sikitu Magohe alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye mikono mikubwa isiyo na haraka. Mvua za kwanza baada ya kifusi kumwagwa, maji yalikosa pa kupita yakaingia wodini. Usiku na mchana Bi. Sikitu alizalisha akiwa amesimama ndani ya maji ya magotini. Mama mmoja alijifungulia juu ya meza ya dawa, na mtoto wake akafa siku ya nne kwa homa. Bi. Sikitu alimwosha mwenyewe, akamfunga kwenye kitambaa cheupe, akamkabidhi baba yake. Siku iliyofuata aliandika barua.

Hakuomba mengi. Aliomba watu wa Mferejini waruhusiwe kuondoa kifusi kwa majembe yao, matoroli yao na migongo yao. Jibu lilirudi baada ya miezi mitano, likiwa na mihuri minne: kifusi ni mali ya Baraza, atakayekigusa atashtakiwa kwa wizi, mali ya Baraza huhamishwa kwa azimio la Baraza tu.

Basi Bi. Sikitu akastaafu, akavua gauni la kazi, akagombea udiwani. Watu aliowapokea duniani kwa mikono yake walikuwa wengi kuliko wapiga kura wa mpinzani wake. Akashinda. Alidhani, maskini, kwamba jambo lenyewe ni neno moja tu: ndiyo.

*

Kikao chake cha kwanza alisimama mapema. "Mstahiki Meya, nina jambo la mtaro wa Mferejini."

Ukumbi ukanyamaza kama mtu aliyekanyaga mahali pabaya. Karani wa Baraza, Bwana Teofili Mbwiga, mtu mwembamba mwenye miwani, alisimama taratibu. "Mstahiki Meya, kwa masikitiko, Mheshimiwa diwani hajaiinamia siwa."

Siwa ilikuwa rungu lililopakwa rangi ya dhahabu, limelazwa mezani juu ya mto wa mahameli. Kila anayetaka kusema sharti aiinamie mara tatu. Bi. Sikitu akainama mara tatu.

"Kanuni ya thelathini na moja," alisema Karani kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "inataka mzungumzaji ainame hadi avione vidole vya miguu yake mwenyewe."

Vidole vya miguu yake, akiwa amesimama, Bi. Sikitu alikuwa hajaviona tangu mtoto wake wa tatu. Alilieleza Baraza hivyo. Jambo hilo lilikuwa jipya, na Baraza lilipenda mambo mapya ya aina hiyo. Iliundwa kamati ndogo ya madiwani watatu wa kumtazama kutoka ubavuni na kukadiria. Walimtazama kwa dakika arobaini, akiinama na kuinuka, na mwisho wakaripoti kwamba, kwa kuzingatia umbile, vidole vinaweza kuhesabiwa kuwa vimeonekana.

"Naunga mkono," alisema Diwani Kimbweza. Diwani Kimbweza alikuwa na miaka kumi na minne Barazani na hilo ndilo neno alilolijua. Siku Mstahiki Meya alipopiga chafya, Kimbweza aliunga mkono.

"Sasa mtaro," alisema Bi. Sikitu, akihema.

"Mtaro haumo kwenye ajenda," alisema Karani.

"Nifanye nini uwemo?"

"Ajenda hupangwa na Kamati ya Ajenda, Mheshimiwa. Kamati hupokea mambo yaliyokwisha kujadiliwa na Baraza."

"Na Baraza hujadili nini?"

"Yaliyomo kwenye ajenda."

Bi. Sikitu alimtazama Meya kule juu. Mstahiki Meya alirekebisha joho lake, akasafisha koo, akasema maneno ambayo baadaye yaliandikwa kwenye kalenda ya Manispaa: "Mheshimiwa diwani mgeni, tunazielewa hisia zako za kina mama. Lakini maji ni nini? Maji leo yapo, kesho yamekauka. Utaratibu haukauki. Jamii zisizo na utaratibu ndizo zinazofanya mambo. Sisi hatufanyi mambo. Sisi tunayaendesha."

Madiwani walipiga meza kwa viganja. Saa zilizobaki zilitumika kujadili kama upigaji meza uwe kwa kiganja cha kulia au vyote viwili. Bi. Sikitu alikaa akiitazama mikono yake. Alikuwa amezoea kazi ambayo ikichelewa dakika tano mtu anakufa.

*

Kesho yake alimfuata Karani ofisini. Bwana Teofili alikuwa nyuma ya mafaili mengi kiasi kwamba ilibidi Bi. Sikitu azungumze na miwani yake tu.

"Wewe Teofili," alisema Bi. Sikitu, akiketi bila kukaribishwa. "Mimi si ndiye niliyemzalisha mkeo?"

"Ndiyo, mama. Mapacha."

"Nilikwambia uniletee fomu kwanza?"

Teofili alivua miwani akaifuta kwa tai. "Mama, mimi nasoma tu yaliyoandikwa. Sikuyaandika."

"Basi nisomee yatakayonisaidia."

Teofili akainuka, akafunga mlango, akafungua Kitabu katikati. "Kanuni ya mia mbili na saba," alisema kwa sauti ya chini. "Hoja ya dharura huingia kwenye ajenda bila kupitia kamati."

"Hiyo ndiyo ninayoitaka."

"Sharti iwasilishwe kwa maandishi siku ishirini na moja kabla ya dharura kutokea. Itaje tarehe, saa na mahali."

"Nani anayeijua dharura siku ishirini na moja kabla?"

"Mwombaji, mama. Baraza si lazima lijue."

Mwanamke mwingine angecheka au angelia. Bi. Sikitu aliomba kalamu. Miaka ishirini na sita alikuwa akiambiwa na wanawake kwamba siku zao bado, naye akawatazama tu na kuwaambia ni wiki ijayo, na mara nyingi ikawa wiki ijayo. Alikumbuka mvua kubwa za kila mwaka, akakumbuka nani alijifungua katika ipi, akahesabu kwa vidole. Kisha akaandika: *Mafuriko. Tarehe 14 ya mwezi wa tatu. Saa nne asubuhi. Wodi ya wazazi, Mferejini.*

Baraza lilifurahi kupita kiasi. Kwa miaka yote madiwani walikuwa wakileta dharura ovyo, zikiwa zimeshatokea, zinanuka moshi au zinavuja damu. Hii ilikuja safi, na nakala tatu. Mstahiki Meya aliisoma mwenyewe mbele ya kikao. "Hii," alisema, "ndiyo dharura yenye adabu." Ikapangwa kuwa jambo la kumi na moja katika kikao maalumu cha tarehe kumi na nne. Jambo la kumi lilikuwa moto wa soko, uliowaka mwaka juzi na ulikuwa bado unangoja idhini ya kuzimwa.

Kule Mferejini watu walipanga matoroli yao kando ya mtaro, thelathini na moja, wakayageuza matumbo chini yasishike vumbi. Walikuwa wakingoja neno. Bi. Sikitu aliamka kila siku na kuangalia mbingu. Tarehe tano mawingu yalianza kukusanyika upande wa milimani. Tarehe nane yalikuwa meusi. Tarehe tisa alipanda kilima kumwomba Meya kikao kiletwe mbele.

Meya alimpokea vizuri, akampa soda. "Mheshimiwa," alisema, "tukiileta mbele dharura yako, yule mwenye moto wa soko atasemaje? Hiyo ni kuruka foleni."

"Mvua haipo kwenye foleni, Mstahiki."

"Ndiyo maana haifiki mbali," alisema Meya.

*

Mvua ilianza tarehe kumi na mbili, saa mbili asubuhi.

Siku hiyo Baraza lilikuwa na kikao cha kawaida. Jambo la kwanza lilikuwa bado lile la viganja. Bi. Sikitu aliisikia mvua juu ya bati la ukumbi, kwanza kama mchele unaopepetwa, halafu kama mawe. Baada ya nusu saa wazungumzaji walikuwa wakifumbua midomo bila kusikika, jambo ambalo halikupunguza idadi yao. Alipochungulia dirishani, bonde la Mferejini lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Mvua ilipolegea kidogo alisimama. Aliiinamia siwa mara tatu. "Kuhusu utaratibu, Mstahiki Meya. Mafuriko yamefika."

Meya aliinua mkono, ukumbi ukatulia. "Karani, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili, Mstahiki."

"Mafuriko ya Mheshimiwa ni ya tarehe ngapi?"

"Kumi na nne. Saa nne asubuhi."

"Basi haya si yale," alisema Meya.

"Ni yale yale, Mstahiki. Yamewahi."

"Mafuriko ya Mheshimiwa yamesajiliwa, yana namba, na yapo kwenye ajenda ya keshokutwa. Haya ya leo hayajawasilishwa na mtu yeyote. Baraza haliyatambui."

"Naunga mkono," alisema Kimbweza.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia Nesi Eligiva wa zahanati, maji yakimchuruzika hadi kwenye viatu, na nyuma yake wanaume wanne wamebeba mlango wa wodi kama machela. Juu ya mlango alilala mwanamke kijana aitwaye Havijawa, ameng'ata upindo wa khanga. Wajawazito wengine wawili walifuata kwa miguu, wameshikana. Wodi ilikuwa imejaa maji hadi kwenye vitanda, na jengo kavu lililokuwa karibu ni hili la juu ya kilima.

Askari wa ukumbi aliwazuia, kwa haki kabisa, kwa kuwa kanuni ya themanini na nane inasema mgeni haingii kikao kikiendelea mpaka apigiwe kura. Diwani mmoja akauliza kama mwanamke aliyebebwa ameingia au ameingizwa. Mwingine akauliza swali lililosifiwa baadaye kuwa la kisomi: mlango unaoingizwa kupitia mlango, je, ni mgeni au ni samani? Mikono saba ikanyanyuliwa kuomba kuchangia.

Bi. Sikitu alikuwa tayari amekwisha kuondoka kitini.

"Mheshimiwa," ilisema sauti ya Meya kutoka juu, "hujaomba ruhusa ya kuhama."

Bi. Sikitu alimpita askari kama mtu anayepita pazia. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Havijawa, akamtazama usoni, akasema, "Tumeshafika, mwanangu. Usisukume bado." Kisha akawageukia wale wanaume. "Mezani."

Aliiondoa siwa akaiegemeza ukutani. Mto wa mahameli akauweka chini ya kichwa cha Havijawa. Kitambaa cha kijani cha meza akakikunja mara mbili. Madiwani, walipoona kwamba jambo lenyewe linatokea kweli, walianza kuondoka kwa wingi na kwa heshima, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni. Meya peke yake hakuweza kushuka, kwa sababu ngazi zake saba hushukwa kwa kushikwa mkono na askari, na askari alikuwa ametumwa maji ya moto. Basi alifumba macho, akaendelea kuongoza kikao.

"Teofili," alisema Bi. Sikitu.

"Naandika, mama. Nimefika pa mlango na samani."

"Weka kalamu chini. Njoo umshike mkono."

Kwa miaka kumi na tisa kalamu ya Teofili Mbwiga ilikuwa haijawahi kuwekwa chini kikao kikiendelea. Aliitazama. Aliilaza kwenye ukingo wa meza, akaja, akampa Havijawa mkono wake, na Havijawa akauminya hadi mifupa ikalia. Mvua ilipiga bati. Eligiva alishika magoti. Bi. Sikitu aliinama, na safari hii hakuna aliyepima ameinama kiasi gani.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka, akavuta pumzi, akalia kwa nguvu zake zote.

Mstahiki Meya, macho yamefumbwa, aligonga nyundo yake. "Karani, nani huyo anayezungumza bila kuruhusiwa?"

"Naunga mkono," ilisema sauti ya Kimbweza kutoka chini ya benchi.

*

Mvua ilikatika alfajiri. Asubuhi ya tarehe kumi na tatu Bi. Sikitu aliteremka Mferejini akiwa amefunga khanga kiunoni, jembe begani. Wodini magodoro yalikuwa yamevimba, dawa zimekuwa uji, na mezani kulikuwa na chura. Maji yalisimama tu. Hayakuwa na pa kwenda.

Watu walimngoja kando ya matoroli yao. "Wamesema ndiyo?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapana."

"Basi tutafungwa."

"Nitafungwa mimi. Mimi ndiye ninayesema ndiyo."

Akaingia mtaroni hadi kiunoni, akapiga jembe la kwanza. Kwa muda mfupi alikuwa peke yake mle ndani, na moyo wake ulimdunda kwa hofu, kwa kuwa miaka sitini na miwili aliyoishi hakuwahi hata kuvuka barabara mahali pasiporuhusiwa. Halafu mzee akaingia. Halafu wengine. Mwishowe walikuwa zaidi ya mia tatu, wanaume kwa wanawake, na kifusi kikatoka: vipande vya ukuta, nusu ya nguzo, kibao kilichoandikwa KIMYA, na pangaboi la feni iliyowahi kusogelewa na kichwa cha Meya. Walikitandaza kwenye njia ya kwenda zahanati, iliyokuwa matope tupu. Jioni, kabla ya jua kuzama, maji ya Mferejini yalianza kusogea. Yalisogea polepole, kisha yakashika kasi, na watu walisimama kando wakiyatazama yakipita, kama watu wanaosindikiza mgeni aliyekaa sana.

Tarehe kumi na nne, saa nne kamili asubuhi, Baraza liliteremka kushuhudia dharura. Madiwani walivaa buti za mpira. Meya alibebwa kwenye kiti. Walikuta mtaro unatiririka, wodi imefunguliwa madirisha, na sakafu imesuguliwa.

Walisubiri robo saa. Hakuna kilichotokea.

Hasira ya Baraza siku ile haijawahi kuonekana tena. Dharura iliyosajiliwa, yenye namba, haikuhudhuria. Walirudi kilimani na Bi. Sikitu akasimamishwa katikati ya ukumbi kujibu mashtaka matatu: kulidanganya Baraza kwa dharura isiyokuwepo, kuhama kiti, na kuiba kifusi.

"Mheshimiwa," alisema Meya, "siku ishirini na moja zilizopita ulituambia kutakuwa na mafuriko. Yako wapi?"

"Yalikuja juzi, Mstahiki. Mmoja wa watu wako alizaliwa hapo mezani."

"Karani, soma kumbukumbu za juzi."

Teofili alisimama. "Kumbukumbu zinaishia kwenye mlango na samani, Mstahiki. Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa."

"Kwa hiyo hakuna kilichotokea," alisema Meya, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Unaona, Mheshimiwa. Hatukuchukii. Tunataka tu kila kitu kipite njia yake. Kwa hiyo Baraza linaazimia kwamba kifusi kirudishwe mtaroni, chote, kwa mpangilio kilivyokuwa. Kikishakuwa mahali pake, Mheshimiwa yuko huru kabisa kuleta ombi la kukiondoa."

Kura zilipigwa. Hoja ilipita kwa sauti moja, ukiondoa moja, kwa dakika nne. Ilikuwa hoja ya kwanza kupita katika miaka sita, na madiwani walikumbatiana. Bi. Sikitu alirudi kitini. Mikono yake, iliyofanya kazi wodini, mezani na mtaroni, sasa haikuwa na la kufanya. Akaikalia.

*

Siku ile ile mchana, Teofili Mbwiga alifika nyumbani kwa Bi. Sikitu na baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga Kitabu chote, kanuni na marekebisho. Alikishusha sebuleni, akafuta jasho.

"Mama, mimi sina cha kukushauri," alisema. "Ila azimio likishathibitishwa kwenye kumbukumbu za kikao kijacho, malori yanatumwa. Likishathibitishwa." Alilirudia neno hilo, akatazama pembeni. "Kumbukumbu nimeshaziandika. Ziko kwenye uchapaji."

Bi. Sikitu alisoma Kitabu kwa siku sita, mchana kutwa, miwani puani na kikombe cha chai pembeni. Alikisoma kama alivyokuwa akisoma kadi ya mjamzito, akitafuta pale palipo na hatari. Siku ya sita alikifunga.

Kikao kilipofika, Meya aliuliza kwa kawaida kama kuna mwenye neno juu ya kumbukumbu kabla hazijathibitishwa. Kwa kawaida hakuna aliyekuwa nalo. Bi. Sikitu alisimama, akainama kwa ukamilifu uliowafanya wajumbe wa kamati ndogo watikise vichwa kwa ridhaa.

"Mstahiki Meya. Ukurasa wa pili, mstari wa saba. Baraza liliazimia kirudishwe kifusi. Hapa imeandikwa *kifuzi*, kwa herufi ya z. Nimetafuta. Kitu kiitwacho kifuzi hakipo. Naomba kujua Baraza limeamuru kirudishwe nini."

Uso wa Mstahiki Meya Pantaleo Sembuyagi ukaanza kung'aa, taratibu, kama wa mtu aliyeletewa chakula cha utotoni. Hilo lilikuwa pingamizi zuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia kutoka kwenye kiti kile.

"Mheshimiwa," alisema, "leo umekuwa diwani."

Karani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi zake. Katika miaka kumi na tisa ya kuandika kumbukumbu, Teofili Mbwiga hakuwahi kukosea herufi hata moja.

Iliundwa kamati. Diwani mmoja alisema kifuzi huenda ni kifusi kidogo. Mwingine alisema ni kifusi kikubwa kilichosagika. Waliitwa wataalamu wa lugha kutoka mji mkuu, wakagawanyika pande mbili, kila upande ukatoa kijitabu. Bi. Sikitu aliteuliwa kwa heshima zote kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Herufi. Alikagua kanuni ya mia tatu na tisini na kuhakikisha anaielewa: pingamizi huishi maadamu aliyelileta yumo ukumbini kila kikao. Akitoka, limekufa, na kumbukumbu zimethibitishwa.

Huu ni mwaka wa tatu. Mtaro wa Mferejini unatiririka. Wodi ina magodoro mapya na Bi. Sikitu alichaguliwa tena bila mpinzani. Kila Alhamisi anapanda kilima saa mbili, anakaa mpaka saa kumi, na anazungumza juu ya herufi. Watu wa Kidimbwi wanaopita chini ya madirisha humsikia na kusema, hata yule mama naye, wamemmaliza.

Alhamisi moja ya masika yaliyopita alipelekewa karatasi na askari wa ukumbi. Mwandiko ulikuwa wa Nesi Eligiva: *Mama, ni mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza miguu. Sijawahi peke yangu. Njoo.*

Bi. Sikitu aliisoma mara mbili. Kutoka kitini pake hadi zahanati ni mwendo wa dakika kumi na mbili, kwa miguu, kwa njia kavu. Aliutazama mlango. Alimtazama Meya, aliyekuwa akimsubiri kwa tabasamu amalizie hoja yake. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imefunguka, ikijua kabisa cha kufanya.

Akachukua penseli, akaandika nyuma ya karatasi ile: *Usimvute. Ngoja kitovu kionekane, ndipo umshike nyonga kwa taulo. Kichwa kikibaki, kidole kinywani mwa mtoto, mwinamishe kidevu. Hutetemeki. Sakafu ni kavu.*

Akampa askari. Akasimama.

"Mstahiki Meya," alisema, "nilikuwa naendelea na herufi ya z."